Nusu Siku Würzburg: Maswali ya Wasomaji Wetu

Mwanza na Würzburg, mji wa Ujerumani, ni miji dada tangu mwaka 1966. Barua nyingi za toleo hili zinatoka kwa watu wa Kanda ya Ziwa wanaokwenda kuuona mji huo kwa meli ya mtoni, ile inayopanda Mto Main na kusimama hapo kwa saa chache. Saa zote tumezitaja kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Sababu yake iko kwenye jibu la msomaji wa Kirumba.

SWALI: Hamjambo wanangu. Mimi na mume wangu ni walimu wastaafu. Kijana wetu aliyeko Frankfurt ametulipia meli ya kwenda Nuremberg, mwezi wa tano. Würzburg tunafika saa mbili asubuhi na kuondoka saa nane mchana. Kampuni inatoa basi la kwenda mji wa kale wa Rothenburg, au mtu abaki. Tufanye lipi? Mume wangu ana tatizo la goti. (Mwalimu, Nyegezi)

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Bakini Würzburg. Rothenburg ni mji mzuri na kuta zake za kale zimesimama, lakini uko umbali wa kilomita 60 hivi. Basi litakula karibu saa nzima kwenda na nyingine kurudi, na katika saa sita mlizopewa hizo ni nyingi mno. Tena mtakuwa mmepita mlangoni pa mji dada wa Mwanza bila kubisha hodi.

Meli nyingi hufunga kamba karibu na Alter Kranen, winchi kubwa ya mawe iliyojengwa kati ya 1767 na 1773 kwa kupakulia mizigo. Kabla ya kushuka, waulizeni mapokezi kama meli yenu imefungwa ubavuni mwa meli nyingine. Gati likijaa, meli hupangwa mbili au tatu, na abiria wa ile ya nje hupita ndani ya zile za ndani, pengine kwa kupanda ngazi hadi sitaha ya juu na kushuka tena. Mwenye goti bovu hapo ndipo anapochoka kabla hata hajakanyaga nchi kavu. Mkiambiwa ni hivyo, shukeni mara moja tu na kurudi mara moja, msipange kurejea chumbani katikati.

Mkishuka, uwekeni mto mkono wa kulia mtembee polepole. Baada ya dakika saba au nane mtafika Alte Mainbrücke, daraja la mawe lililoanza kujengwa 1473 na kukamilika 1543. Sanamu kumi na mbili za watakatifu na wafalme zilizo juu yake, kila moja na kimo cha mita nne na nusu hivi, ziliongezwa kuanzia 1730. Asubuhi ndiyo saa yake, kwa kuwa jua liko mgongoni mwenu na linaipiga usoni ngome ya Marienberg ng'ambo ya mto. Kufika mchana, watu wenye bilauri za mvinyo hulijaza daraja na kutembea kunakuwa kwa kupenya. Ngomeni msipande. Ni mlima wa nusu saa, goti halitawasamehe, na muda huo ni mali ya Residenz.

Residenz ni jumba la maaskofu waliokuwa pia watawala wa nchi hiyo. Kutoka darajani mnafuata Domstraße hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Kilian, kisha Hofstraße, jumla dakika kumi na tano kwa mwendo wa kawaida, ishirini na tano kwa mwendo wenu. Aprili hadi Oktoba hufunguliwa saa tatu asubuhi, majira ya baridi saa nne. Fikeni mlango unapofunguliwa, kabla vikundi vya mabasi havijaingia, maana kinachofuata kinataka nafasi ya kusimama na kuinua shingo.

Ni ngazi ya msanifu Balthasar Neumann. Vipandio vyake ni vifupi, kwa hiyo mzee wetu asiogope. Apande kwa kushika ukingo. Dari lililo juu yake lina upana wa mita 18 na urefu wa mita 30 hivi, bila nguzo hata moja katikati. Mchoraji Tiepolo kutoka Venice alilijaza rangi lote mwaka 1752 na 1753, akachora mabara manne yaliyojulikana kwao, bara moja kila upande. Itafuteni Afrika: mwanamke ameketi juu ya ngamia, amezungukwa na wafanyabiashara, na Mto Nili umechorwa kwa umbo la mtu. Alipokuwa akichora, Wazungu hawakujua maji ya Nili yanaanzia wapi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1858, mpelelezi Mwingereza Speke alifika kwenye ufuko wetu wa Mwanza akasema ni hapa. Mtu wa Nyegezi akisimama chini ya picha hiyo anaitazama kwa jicho ambalo mtalii mwingine hana, na ndiyo maana tunasisitiza msiiache kwa ajili ya basi.

Jueni pia kwamba dari hilo nusura lipotee. Usiku wa Machi 16, 1945, ndege za Uingereza ziliupiga mji kwa mabomu kwa dakika kama ishirini. Watu wapatao 5,000 walikufa na sehemu kubwa ya mji mkongwe iliteketea. Paa la Residenz liliungua, lakini tao la Neumann lilibeba vifusi bila kuanguka. Nyumba nyingi mtakazoziona zikionekana za kale zimejengwa upya baada ya usiku huo.

Mkitoka, pumzikeni kwenye bustani ya nyuma, haina kiingilio. Rudini kupitia sokoni mkaone kanisa jekundu na jeupe la Marienkapelle na jirani yake Falkenhaus, ambamo mna ofisi ya taarifa za wageni na ramani. Njia yote ni ya mawe ya kupangwa: viatu vya raba vyenye soli nene, si makubazi. Mkiona goti limegoma, teksi kutoka Residenz hadi gatini ni safari ya dakika chache. Muwe melini ikiwa imebaki nusu saa, halafu msikimbilie chumbani. Meli inayokwenda Nuremberg hupita kwenye lango la maji lililo kando ya lile daraja mara tu inapoondoka, na kuliona kwa chini ni jambo jingine kabisa.

SWALI: Tangu kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996, na MV Nyerere hapa kwetu Ukara mwaka 2018, mama yangu hapandi chombo cha majini isipokuwa kwa lazima. Dada yetu anamkaribisha kwenye safari hii. Nimwambie nini cha kweli? (Ukerewe)

JIBU: Poleni. Usimwambie asiogope, mweleze chombo chenyewe kilivyo, aamue. Meli ya mtoni ya kawaida ina urefu wa hadi mita 135 na upana wa mita 11.4. Linganisha na MV Mwanza yetu, yenye urefu wa mita 92.6 na upana wa 17. Hiyo ya Ujerumani ni ndefu na nyembamba kwa sababu malango ya Mto Main yana upana wa mita 12 tu. Ingefika ziwani kwetu siku ya upepo wa kusi ingetaabika, lakini mtoni hakuna mawimbi ya kuisumbua. Njia ya meli kwenye Main ina kina cha mita tatu hivi, na kingo mbili zinaonekana muda wote.

La pili, ambalo kwa mtu wa Ukara lina uzito kuliko yote: idadi ya abiria ni idadi ya vitanda. Hakuna tiketi ya kusimama, hakuna mizigo ya gulio, hakuna anayerukia dakika ya mwisho. Siku ya kwanza kuna zoezi la usalama ambalo kila abiria huhudhuria. Ahudhurie, ajaribu kuvaa jaketi okozi lake, aulize mahali pa kukusanyikia.

Kitakachomshtua ni lango la maji. Ni chumba kirefu cha zege chenye mlango mbele na nyuma. Meli inaingia, mlango unafungwa, maji yanajazwa, meli inapanda. Kati ya Rhine na Bamberg yako 34. Usiku atasikia kishindo kidogo, mngurumo wa injini, na ukuta wenye kutu na ukungu utatokea umbali wa kiganja kutoka dirishani. Mwambieni mapema, asidhani wamegonga mwamba. Mchana, kwenye madaraja ya chini, sitaha ya juu hufungwa na hata chumba cha nahodha huteremshwa. Akiambiwa akae au ashuke, atii papo hapo. Daraja linapita karibu sana na kichwa. Hatari ya kila siku ni kuteleza kwenye daraja la kushukia asubuhi lenye umande. Ashike kamba kwa mkono mtupu, mkoba uwe begani.

SWALI: Meli yetu inaanzia Amsterdam hadi Budapest. Viza tuombe nchi gani? (Isamilo)

JIBU: Viza ni moja, ya Schengen, na nchi zote za njia hiyo zimo: Uholanzi, Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungary. Unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Hesabuni usiku, si bandari. Kwa njia hiyo mara nyingi ni Ujerumani. Mkikuta zimelingana, ombeni kwa nchi mtakayoingilia kwanza. Ratiba ya meli ikifika hadi Belgrade mnatoka nje ya Schengen, basi ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo hamtaruhusiwa kurudi ndani.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Anayengoja hadi hapo anajitafutia presha, kwani uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45. Pasipoti iwe na umri usiozidi miaka kumi, kurasa mbili tupu, na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000. Kwa alama za vidole mtasafiri hadi Dar es Salaam wenyewe, hakuna wa kuwawakilisha.

Kinachoangusha wengi ni karatasi ya meli. Risiti ya malipo haitoshi. Dai kwa wakala barua yenye majina yenu kama yalivyo kwenye pasipoti, pamoja na orodha ya kila usiku na mji wake. Anayelipiwa na ndugu aliyeko Ujerumani amwombe aende ofisi ya wageni ya mji wake achukue hati rasmi ya udhamini wa gharama, inaitwa Verpflichtungserklärung. Barua ya kuandika kwa mkono nyumbani haina nguvu hiyo.

SWALI: Nimesikia meli hizi hukwama maji yakipungua, abiria wakamalizia kwa basi. Ni kweli? (Bukoba)

JIBU: Kweli. Ila Main yenyewe si mkosaji, maana malango yake hushikilia maji kama mabwawa yaliyopangwa ngazi. Matatizo yako kwenye mito inayoungana nayo. Kwenye Rhine kuna kipimo cha usawa wa maji mahali paitwapo Kaub. Agosti 2022 kilishuka hadi karibu sentimita 32. Namba hiyo si kina cha mto. Kina cha njia ya meli hapo hupatikana kwa kuongeza takriban mita 1.12, kwa hiyo palikuwa na mita 1.44 hivi. Meli ambayo sehemu yake iliyo chini ya maji ni mita moja na nusu haipiti. Kwenye Danube, pabaya ni kati ya Straubing na Vilshofen, kiasi cha kilomita 70 zisizo na mabwawa. Ukame huonekana zaidi Agosti hadi Oktoba. Mafuriko nayo husimamisha safari, kama ilivyokuwa Juni 2013 na Juni 2024: maji yakivuka alama iliyowekwa, mamlaka hupiga marufuku usafiri, na hata bila marufuku meli isingepenya chini ya madaraja.

Kampuni hufanya moja kati ya mambo mawili. Inawahamishia kwenye meli yake nyingine iliyo upande wa pili wa kikwazo, au inawalaza hotelini na kuwazungusha kwa basi. Kabla ya kulipa, somea kifungu cha mabadiliko ya ratiba, uulize kwa maandishi: siku ngapi za basi ndizo zinanipa haki ya kurudishiwa sehemu ya fedha? Ukinunua kifurushi kwa kampuni ya Ulaya, sheria zao zinakuruhusu kujitoa bila faini endapo safari imebadilishwa kwa kiasi kikubwa kabla ya kuanza. Ukitaka kupunguza bahati nasibu, chagua Mei.

SWALI: Sisi ni Waislamu. Huko nasikia ni nguruwe na mvinyo tu. (Musoma)

JIBU: Franconia, eneo lenye mji wa Würzburg, ni nchi ya soseji za nguruwe na mvinyo mweupe, hilo halifichiki. Melini ni rahisi: mwandikieni wakala wiki kadhaa kabla, kisha mrudie kumwambia mkuu wa mgahawa jioni ya kwanza, kwa sababu taarifa hupotea njiani. Nguruwe anayeonekana hana shida, chungeni aliyejificha. Vipande vya Speck huwekwa kwenye saladi ya viazi na maharage mabichi, michuzi mingi hupikwa kwa mvinyo, na vitamutamu vya kutikisika vina jelatini. Sentensi ya kukariri, maana yake bila nguruwe, bila pombe: „ohne Schweinefleisch, ohne Alkohol".

Mjini kuna samaki. Forelle na Karpfen ni wa maji baridi na wana miiba ya kutosha. Mkiona Viktoriabarsch kwenye orodha, huyo ni sangara wetu aliyepanda ndege. Tunawashauri mtafute Meefischli, samaki wadogo wanaokaangwa wakakauka na kuliwa wazima kama dagaa. Wenyeji husema asizidi kidole kidogo cha sanamu ya Mtakatifu Kilian pale darajani. Ulizeni tu kama mafuta ni yaleyale yaliyokaangia nguruwe. Kibla kutoka huko ni kusini-mashariki, na katikati ya Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo Isha ni usiku wa manane.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Nikibakiwa na saa moja, kuna chochote cha mtu wa hospitali? (Bugando)

JIBU: Kipo, tena karibu na gati, dakika kumi kwa miguu. Kwenye barabara ya Röntgenring, namba 8, ndipo Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua miale ya eksirei jioni ya Novemba 8, 1895. Desemba 22 alipiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana. Mwaka 1901 akapewa tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya fizikia, na ugunduzi wake hakuukatia hataza, ndiyo sababu ulisambaa hospitalini haraka kiasi kile. Maabara ipo na vyombo vyake, kuingia ni bure. Nenda siku ya kazi.

SWALI: Meli ikiniacha nifanyeje? (Kirumba)

JIBU: Wengi huachwa kwa sababu ya saa, si kwa uzembe. Ubao wa meli huandika 17:30. Toa sita upate kumi na moja na nusu, yaani jioni. Ikiandikwa 20:00, toa sita, kisha kumi na mbili: saa mbili usiku. Kosa jingine ni kurekebisha mara mbili. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi na mbili wakati wa baridi. Simu hujibadilisha yenyewe, halafu mtu anaitoa tena saa kichwani. Amini saa iliyo ukutani mapokezi, uipige picha pamoja na muda wa mwisho wa kurudi.

Unaposhuka unapewa kadi. Idadi ya kadi ambazo hazijarudi ndiyo huwaambia mabaharia nani hayupo, kwa hiyo usishuke bila kuichukua. Hakikisha una namba ya simu ya meli na jina la kituo kinachofuata. Ikikuacha, piga kwanza. Usikodi teksi kuifukuza kando ya mto. Meli inaenda polepole na kila lango huichelewesha, lakini treni kutoka Würzburg hadi Bamberg huchukua kama saa moja tu, na njiani husimama Schweinfurt. Kituo cha treni ni robo saa kwa miguu kutoka Alter Kranen. Nunua tiketi kwenye mashine kabla ya kupanda. Ukikutwa huna, faini ni euro 60.

SWALI: Naweza kumpelekea mwenyeji wangu maembe, dagaa na samli? (Sengerema)

JIBU: Samli hapana, wala nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, itachukuliwa uwanja wa ndege. Embe linahitaji cheti cha afya ya mimea, liache. Nanasi na ndizi havihitaji cheti. Dagaa waliokaushwa wanapita, mradi samaki wote kwa jumla wasizidi kilo 20. Wafunge mara tatu kwenye plastiki nene, la sivyo nguo zako zote zitanukia mwalo wa samaki wa Kirumba hadi Nuremberg.